Mwaka wa Magurudumu Yaliyolala

Zuhura alipiga simu akiwa ameshashuka stendi ya Kibondo, maana ndivyo alivyo, hajawahi kumpa mtu nafasi ya kufagia. "Yasinta, nipo hapa. Njoo unichukue, na usije na gari lenye grisi kwenye kiti, nimevaa nguo nyeupe." Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi, yeye akiwa Mwanza na mumewe, mimi hapa Kibondo na gereji yangu ya miguu ya magari, yaani ya kunyoosha magurudumu. Nilimkuta amekaa juu ya begi lake, amenenepa vizuri, anacheka hata kabla sijamsalimia. Nyumbani alikula ugali wa muhogo na maharage, akaongeza, akaongeza tena, huku akilalamika kwamba lami imeharibu safari: ametoka kwao Kasulu mpaka hapa na hakuna hata abiria mmoja aliyetapika. Baada ya kunawa akatoka nje, akasimama kwenye sakafu ya gereji akimtazama fundi wangu mmoja anayening'iniza timazi, ule uzi wa waashi wenye chuma mwishoni, kando ya gurudumu la mteja. "Bado mnatumia hiyo?" akaniuliza. Nikamwambia mashine ya kupimia ninayo, ipo pale kwenye kona, inasubiri umeme urudi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni nzima hatukuzungumza kingine ila mwaka ule niliokaa kwao Kasulu, na alipolala niliona afadhali niuandike wote kabla mmoja wetu hajaanza kuusahau.

Sitaeleza nilikotoka, wala kwa nini msichana wa Makere alipelekwa kujifunza ufundi wa magari wakati wenzake wanashona. Hayo yana marefu yake na wahusika bado wanaishi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza chuo cha ufundi, na baba yake Zuhura, Fundi Shabani, alikubali nikae kwake mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, ama angeniachia kazi yote ya miguu ya magari, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumchosha, ama angenirudisha Makere na salamu njema kwa wazee, nikashike jembe. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, waziwazi, huku akimenya chungwa, na alipomaliza kusema akanipa nusu ya lile chungwa. Mimi jembe nililifahamu vya kutosha. Nilikula chungwa langu nikijiambia kwamba nitafanya lolote nibaki pale.

Gereji ilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati ua wenye jiko la kuni na kamba za nguo ambazo daima zilikuwa na ovaroli zetu zimechanganyika na khanga za mama mwenye nyumba. Huyo mama ni Bi Mwanahawa, mtu wa Pangani, aliyeolewa huku bara akiwa msichana na ambaye mpaka leo sijui kama aliwahi kuizoea baridi ya Kasulu. Asubuhi alivaa sweta mbili na kutulaumu sisi, kana kwamba baridi tuliileta sisi Waha. Nazi zake zililetwa kwa gunia kutoka Kigoma mjini, zikahifadhiwa chini ya kitanda chake, na ukisikia ile mbuzi ya kukunia inakwaruza ujue kuna mgeni au kuna habari njema. Mimi ni Mkristo, lakini Ramadhani ilipoingia nilikuta kila mchana sahani yangu imewekwa kwenye kona ya jiko, imefunikwa kawa, viazi na kipande cha samaki wa mgebuka. Nilimwambia siku moja kwamba naona aibu kula wengine wamefunga. Akaniambia, "Aibu ya nini? Mungu wako hajakwambia ufunge, na mimi sijakwambia uanguke ndani ya shimo la gereji. Kula." Magharibi ikifika tulifuturu pamoja wote kwenye mkeka, uji wa pilipili manga, tambi, ndizi za kuchemsha, na Fundi Shabani akisimulia magari aliyoyatengeneza Tanga ujanani, ambayo kila mwaka, Zuhura alininong'oneza, yalizidi kuwa mengi.

Nililala chumba kimoja na Zuhura. Yeye alinukia udi, mimi dizeli, na ndani ya chandarua kimoja harufu hizo mbili zilipatana kuliko nilivyotegemea. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kibondo anayeitwa Twaha, mtoto wa mdogo wake mfanyabiashara mmoja wa vitenge, na arusi ilipangwa baada ya mavuno ya maharage. Alinisimulia habari za Twaha mpaka nikajua meno yake yote kabla sijamwona. Ukuta wa chumba chetu haukufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikia kila kitu kutoka chumba cha wazazi, na wao bila shaka walitusikia sisi. Leo nyumba zina dari, kila mtu na mlango wake, na watoto wangu hawajui mimi na baba yao tunawazaje. Sijui kama wamepata au wamekosa.

Kazi yenyewe niliipenda tangu wiki ya kwanza. Gurudumu la gari linatakiwa lisimame wima. Likilala, yaani juu likaegemea ndani na chini likatoka nje, tairi hukanyaga barabara kwa ukingo wa ndani peke yake, na ukingo huo huliwa haraka huku ukitazama kwa nje unaliona tairi zima kabisa. Barabara zetu wakati ule zilikuwa za vumbi na mawe, na magari yote ya mashirika yaliyokwenda kwenye kambi ya wakimbizi yalikuja kwetu yakiwa yamelala. Fundi Shabani alikuwa na sakafu moja ya saruji aliyoipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kabla ya kupima aliimwagia maji kikombe kimoja na kuyatazama. Yakitulia mahali pamoja anafurahi, yakikimbilia upande anaanza kutafuta vibao vya kusawazishia. Halafu timazi. Uzi unaning'inia kando ya gurudumu, unapima nafasi kati ya uzi na ukingo wa juu wa rimu, kisha uzi na ukingo wa chini. Zikilingana, gurudumu limesimama. Zisipolingana unalegeza bolti mbili zinazofunga shokapu na gurudumu, unasukuma, unakaza, unashusha jeki, unapima tena. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri alama za rula, kwa hiyo alipima kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa sahihi kuliko rula yangu ya shule. Mimi niliyapata yote hayo upesi. Shida yangu ilikuwa mahali pengine.

Sikuweza kumwambia mtu hapana. Kwetu mtoto akitumwa au akiombwa na mkubwa anajibu "ego," yaani ndiyo, anaitikia kwanza, halafu anakwenda kutafuta namna. Kumkatalia mtu mzima usoni, tena mgeni, ni kumvua nguo. Basi kila mteja aliyeniambia gari lake liwe tayari jioni nilimwitikia. Siku moja niliwaitikia dereva wa lori la maharage, katekista wa kijiji cha Kagerankanda, na mchungaji Mkongo wa kambini aliyenionyesha tairi akisema, "Dada, nisaidie na hii pneu, niko na ibada leo," na jioni wote watatu wakakutana kwenye benchi la wateja, kila mmoja akiwa na ahadi yangu. Fundi Shabani aliwatuliza kwa chai. Siku hiyo, tumeshazima taa, nikasikia sauti yake juu ya ukuta. "Mikono anayo, Mwanahawa. Ila hajui kumkatalia mtu. Kesho atakuja mwenye pesa zake na tairi bovu, amwambie nifungie, naye atafunga. Fundi wa namna hiyo ataua watu." Bi Mwanahawa akasema, "Ni mtoto mwenye adabu." Akajibiwa, "Adabu haizuii gari kupinduka. Tusubiri arusi ipite, mwaka wake utakuwa umeisha. Nitamrudisha kwao vizuri, kwa heshima." Zuhura alikuwa macho. Alinishika mkono chini ya shuka. Nililia kidogo, kisha nikakasirika, kisha nikalala, maana umri ule usingizi hauna aibu.

Gari la Twaha liliingia Kasulu kabla ya arusi na mji mzima ukasimama kulitazama. Lilikuwa la michezo, milango miwili, rangi ya manjano, ametoka nalo Dar es Salaam, na huko Dar mtu alikuwa amemkatia springi ili gari liwe chini. Lilikuwa chini kweli. Mbuzi angeweza kuliruka. Kwa kushushwa hivyo magurudumu yote ya mbele yalikuwa yamelala, na Twaha, kijana mzuri mwenye maneno mengi, aliona hiyo ndiyo raha yenyewe. "Oya, mzee," alimwambia mkwewe mtarajiwa, "yaani hapo limetulia. Likisimama litafanana na pikapu ya maharage." Fundi Shabani alilitazama kwa huzuni ya kweli. Alimweleza kwamba gari hili linakuja kumchukua mwanawe, kutoka Kasulu kupita Makere mpaka Kibondo, kwenye mawe, na kwamba asingeliruhusu lilale. Tulichonga matundu ya bolti kwa tupa ili magurudumu yapate nafasi ya kusogea, tukayasimamisha, na Twaha akaondoka amenuna. Nilifurahi sana siku ile, kazi ilikuwa safi, na nilidhani habari ya gari hilo imekwisha.

Siku ya arusi ilinyesha mvua alfajiri, ile ya kulowesha tu. Nilikuwa nimeazimwa gauni la Zuhura na mtandio, nikawa nabeba sinia za pilau kutoka ua mpaka kwenye sakafu ya gereji, ambako mikeka ilikuwa imetandikwa na wazee wa pande zote mbili wanakunywa kahawa. Nikah ilikuwa imeshafungwa sebuleni. Ndani, mashangazi walikuwa wanamvika Zuhura buibui na maua, na mkubwa wao, Shangazi Mwajabu, aliyekuja kutoka Tanga kwa kazi hii tu, alikuwa ametangaza kwa sauti sheria ya ukoo wao: bibi arusi akishavuka kizingiti cha baba yake harudi ndani, hata kwa kuchukua leso. Gari likiharibika njiani atakaa kando ya barabara mpaka lipone. Nilipita na sinia karibu na lile gari la manjano, nikaliona. Magurudumu ya mbele yamelala tena. Niliweka sinia chini, nikachuchumaa na gauni langu, nikapitisha mkono nyuma ya tairi. Ukingo wa ndani ulikuwa laini kama bakuli, na mahali pamoja nyuzi za chuma zilinichoma kidole. Baadaye tulijua kwamba rafiki yake Twaha wa Kibondo ndiye aliyeyarudisha yalivyokuwa, kwa ajili ya picha, kisha wakapanda wanaume wanne na mabegi yao na kuyalaza zaidi.

Nilikwenda kwa Fundi Shabani, nikamnong'oneza. Alikuwa na kanzu nyeupe na kikombe mkononi. Hakuinuka. Aliniuliza, "Gari la nani?" Nikasema la Twaha. "Basi kamwambie Twaha," akasema, akaendelea na kahawa yake. Nilisimama pale nimepotea. Nilijua mlango wa ndani utafunguliwa wakati wowote, na Zuhura atavuka kile kizingiti, na baada ya hapo hakuna atakayekubali kusubiri.

Twaha alikuwa anapigwa picha. Nikamwambia gari hili haliwezi kumbeba Zuhura, tairi limefika kwenye nyuzi. Akacheka, akanishika bega. "Sista, leo siku yangu. Mbona tumekuja nalo freshi tu?" Nikarudia. Ndipo akaingilia baba yake mkubwa, yule wa vitenge, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe ambaye asubuhi ile alikuwa amenishukuru kwa maji ya kunawa. "Binti yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, "njia tumeipita salama. Tutakwenda taratibu. Turuhusu tuondoke, sawa?" Wazee wote walikuwa wamegeuka. Kila nilichofundishwa tangu nikiwa mgongoni kilinisukuma niinamishe kichwa na kuitikia. Nilimfikiria Zuhura na mkono wake chini ya shuka, nikasema, "Hapana, mzee. Haliendi."

Twaha akamgeukia mkwewe. "Mzee, mwambie binti yako bwana, tunachelewa." Fundi Shabani akaweka kikombe chini. "Nimemsikia," alisema. "Ondoeni mikeka."

Sijawahi kuona mikeka ikikunjwa namna ile. Wazee walisimama ukutani na visahani vyao vya kahawa, sufuria ya pilau ikahamishwa, na gari likasukumwa juu ya sakafu. Nikavaa ovaroli juu ya gauni. Lile tairi la nyuzi nikalitoa, nikafunga la akiba, na la pili nikalibadilisha na la nyuma ambalo halikuwa limelika. Halafu nikakumbuka jambo ambalo mimi na Fundi tulilisahau mara ya kwanza: tulilipima gari likiwa tupu. Magari ya Dar labda hutembea matupu. Kwetu bibi arusi hutoka na shangazi yake, na mchele, na kiroba cha maharage mapya cha kuonyesha kwamba kwao hakuna njaa, na gari lililokatwa springi likibebeshwa hivyo magurudumu yanalala upya. Nikasema lipimwe na mzigo wake. Kiroba kikaingia, mchele ukaingia, Twaha akakaa kwenye usukani amekunja uso, na Shangazi Mwajabu akaingizwa nyuma kwa juhudi za watu wawili, maana milango ilikuwa miwili tu. Ikabaki nafasi ya Zuhura, naye hawezi kutoka. Bi Mwanahawa alitutazama wanawake wote mmoja mmoja. "Yasinta ndiye saizi yake," akasema. "Kaa wewe."

Nikakaa kwenye kiti cha bibi arusi, na ovaroli yangu. Nje hakukuwa na mwingine wa kupima ila Fundi Shabani. Akamwaga kikombe chake cha maji, akaridhika, akakunja kanzu magotini, akapiga magoti kwenye sakafu yake na timazi mkononi. Nilimsikia anapitisha vidole kati ya uzi na rimu. Mara ya kwanza bado gurudumu lilikuwa limelala sana. Tukashuka wote, nikapandisha jeki, nikasukuma, nikakaza, tukapanda wote. Tukashuka, tukapanda. Shangazi Mwajabu alisema kama angeanza kutembea asubuhi angekuwa ameshaipita Makere. Wageni walikuwa wameanza kucheka, na hata yule mzee wa vitenge alikuwa anamshika shangazi mkono kila akishuka. Mwishowe Fundi Shabani akasimama taratibu, kanzu ina doa la grisi kila upande. "Juu na chini vinakaribiana," alisema. "Inatosha, mwanangu. Watu wanasubiri."

Nilimwangalia kupitia dirishani. "Vinakaribiana, Fundi, au vimelingana?"

"Vinakaribiana."

"Basi bado," nikasema. "Shangazi, samahani, tushuke tena."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika sokoni. Fundi Shabani hakucheka. Aliniletea spana mwenyewe.

Mara iliyofuata vilikuwa vimelingana. Mlango wa ndani ukafunguliwa, Zuhura akavuka kizingiti, na akina mama wakapiga vigelegele virefu kupita kiasi, maana walikuwa wamevitunza muda mrefu. Aliponipita alinikanyaga mguu kwa makusudi, ndiyo kuaga kwake. Twaha aliendesha taratibu mpaka nje ya mji, na jioni ikaja simu kwenye duka la jirani kwamba wamefika, matairi hayana hata mkwaruzo, na Shangazi Mwajabu amelala bila kula.

Fundi Shabani alirudi na habari hizo ua umeshafagiliwa, mimi na Bi Mwanahawa tunaosha sufuria. Alitueleza, akavua kofia, akaingia ndani. Kisha sauti yake ikatoka dirishani. "Yasinta. Jumatatu utafungua wewe. Mimi nitachelewa."

Tangu nimjue hakuwahi kuchelewa. Jumatatu alitokea jua limeshapanda, na kandambili miguuni na mikono misafi. Kulikuwa na gari juu ya sakafu na dereva wake ananiharakisha, nami namwambia aje kesho. Fundi Shabani alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza gazeti la mtu, akakaa kwenye benchi la wateja.